Karte grafike ya kuchezea nyumbani: uliza kwanza wati, kisha uliza beyi

— Yaya, hii karte iko inatembea?
— Iko inatembea muzuri, petit. Ni GTX 1050 Ti, giga ine. Ilitoka Dubai.
— Naweza kuijaribu hapa?
— Hapa kuran haiko. Wee beba tu. Kama haitembee, unarudisha.

Mbele ya butiki za elektroniki za Birere mjini Goma, pale Kadutu mjini Bukavu, hata Butembo na Bunia, mazungumzo yanaenda karibu hivyo hivyo. Kijana anatoa dola alizokusanya kwa miezi mingi, anafika nyumbani, anafungua kompyuta yake, na hapo shida moja kati ya tatu inamngojea. Karte haingii ndani ya sanduku. Ao inaingia, lakini hakuna waya wa kuipa umeme. Ao inawaka vizuri, ila siyo ile iliyoandikwa juu yake. Akirudi butiki kesho yake, ataambiwa ni yeye ndiye aliiunguza.

Karte grafike ni kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye ekrani. Kompyuta ya ofisi inaweza kuandika barua na kufungua video bila karte ya pekee, kwa sababu prosesa yenyewe inachora picha ndogo ndogo. Lakini mchezo wa mpira wenye wachezaji 22 wanaokimbia kwa wakati mmoja, ao GTA V na mji wake mzima, unahitaji hesabu nyingi zaidi kila sekunde. Kazi hiyo ndiyo ya karte. Na si ya michezo tu: wale wanaofanya montaji ya video za ndoa, ao wanaochora mipango ya nyumba kwa kompyuta, wanatafuta karte zile zile, kwa wauzaji wale wale. Wengine wanainunua kwa kisingizio cha montaji, wazazi wakubali.

Kununua mashine mpya kabisa ya kuchezea ni jambo la watu wachache. Wengi wanafanya kwa njia nyingine, na ni njia nzuri: wanatafuta kompyuta ya okazio, ile iliyotumika ofisini huko Ulaya, kisha wanaongeza karte ndani. Shida inatoka katika mpangilio. Karibu kila mtu anaanza na karte, kwa sababu ndiyo yenye jina. Fundi mzuri anaanza upande mwingine: inite ni ya aina gani, alimentasyo yake ina wati ngapi, na umeme wa nyumbani uko namna gani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayochagua karte.

Inite ya ofisi

Inite, yaani sanduku lenye mashine yote ndani, nyingi zinazofika kwetu ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk ao ProDesk, na Lenovo ThinkCentre. Kuna sababu zinaonekana kwa wingi hizi siku. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Windows 11 nayo, kwa upande wa prosesa za Intel, inakubali rasmi zile za kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Makampuni ya Ulaya na Marekani yanatoa mashine ambazo bado zinafanya kazi, ila hazikubaliki tena. Kompyuta isiyofaa tena kwa benki ya Brussels inaweza kufaa kabisa kwa kucheza mpira nyumbani Uvira.

Kizazi cha prosesa kinasomeka kwenye jina lenyewe. Core i5-4570 ni kizazi cha 4, kwa sababu namba nne zinaanza na 4. Core i5-8500 ni kizazi cha 8. Muuzaji akisema tu "ni Core i5", hajasema kitu bado: kuna Core i5 ya 2010 na kuna ya juzi.

Jambo la pili ni ukubwa wa sanduku. Inite za ofisi zinakuja kwa saizi mbalimbali. Kuna ile kubwa ya kusimama, ambayo wengi wanaiita tuuri, na kuna ile nyembamba inayolala chini ya ekrani. Ile nyembamba inapokea karte fupi tu, zenye kipande cha chuma kifupi nyuma. Karte ya kawaida haiingii, hata usukume. Kuna nyingine ndogo zaidi, kama kitabu, ambazo hazina nafasi ya karte kabisa. Hizo ni nzuri kwa sekretarieti. Kwa mchezo, ziache dukani.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kucheza anunue tuuri. Tofauti ya beyi kati ya tuuri na ile nyembamba mara nyingi ni ndogo, lakini ile nyembamba inakufunga kwenye karte chache ambazo ni ngumu kupata na ambazo wauzaji wanajua kabisa kwamba ni ngumu kupata.

RAM nayo isisahauliwe. Giga 8 ndiyo mwanzo, giga 16 ni vizuri. Vipande viwili vya giga 4 vinatembea haraka kuliko kipande kimoja cha giga 8, kwa sababu prosesa inasoma pande zote mbili kwa pamoja. Tangu mwisho wa 2025 beyi ya RAM ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Muuzaji anayesema RAM imepanda, kwa hilo hadanganyi. Ndiyo maana inite ambayo tayari ina giga 16 ndani ina faida kuliko ile ya beyi nafuu yenye giga 4.

Wati 75

Namba moja inafaa kukaa kichwani mwa kila mnunuzi: 75. Ule mfereji mrefu ulio kwenye karte mere, ubao mkubwa unaobeba vipande vyote, unaweza kuipa karte grafike wati 75 kwa wingi wake. Karte inayokula wati 75 ao chini yake haihitaji waya mwingine. Karte inayokula zaidi inahitaji waya wa pekee kutoka alimentasyo, wenye meno 6 ao 8. Na inite nyingi za ofisi hazina waya huo.

Hapo ndipo majina yanaanza kuwa na maana. GTX 1050 Ti, iliyotoka 2016, na GTX 1650, iliyotoka 2019, ni karte za wati 75. Nyingi zake hazina waya wa ziada, ingawa viwanda vingine viliwahi kuongeza tundu la meno 6, kwa hiyo angalia kwa macho yako. RTX 3050 ya giga 6, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, inakula wati 70. Lakini RTX 3050 ya giga 8 ni mashine nyingine kabisa: wati 130, na lazima iwe na waya. Jina ni lile lile, tofauti ni giga 2. Mtu anayeagiza kwa simu bila kutaja giga anaweza kuletewa ile asiyoweza kuitumia.

Juu yake kuna GTX 1660 Super yenye wati 125, RTX 3060 yenye wati 170, na RX 580 yenye wati 185. Ni karte nzuri. Ila kwa inite ya ofisi isiyobadilishwa alimentasyo, ni kama kufunga injini ya Fuso kwenye moto.

OptiPlex 7010 ya tuuri ilitoka kiwandani na alimentasyo ya wati 275. Ile ya 9020 ina wati 290. Zinatosha kwa karte ya wati 75, basi. Na kwenye 9020 kuna mtego mwingine: waya mkubwa unaoingia kwenye karte mere una meno 8, wakati alimentasyo za kawaida za sokoni zina meno 24. Ukinunua alimentasyo mpya bila kujua hilo, haitaingia mpaka upate kiunganishi cha pekee. HP nao wana meno yao wenyewe.

Kuna mafundi wanaopendekeza njia ya mkato: waya unaogeuza tundu la disiki kuwa tundu la karte. Njia hiyo ni ya hatari, na inafaa kusemwa waziwazi. Tundu la disiki la aina ya SATA limetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Karte inaweza kuliomba 75 kwa waya wa meno 6. Plastiki inapata moto, inayeyuka, na katika nyumba za mbao, ambazo ni nyingi Goma na Bukavu, mtu hahitaji kuelezwa zaidi.

Alimentasyo mpya za sokoni nazo zina uongo wao. Sanduku limeandikwa 500 kwa namba kubwa nyekundu, lakini ukweli uko kwenye kibandiko cha pembeni, kwa herufi ndogo. Tafuta mstari wa +12V na usome ampea. Zidisha ampea mara 12, unapata wati zinazoweza kufikia karte na prosesa. Kama kibandiko kinasema ampea 18, jibu ni 216. Hiyo siyo alimentasyo ya 500, hata kama sanduku limeandikwa hivyo. Uzito pia unasaidia: alimentasyo nyepesi kama mkate haina shaba ya kutosha ndani.

Tena, kabla ya kuchomeka inite yoyote ya okazio, tazama nyuma yake kama kuna kibatani chekundu chenye namba 115 na 230. Mashine iliyotumika Marekani inaweza kufika ikiwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 220. Ukichomeka bila kugeuza kibatani, utasikia mlio, harufu itafuata, na alimentasyo imekwisha. Ni sekunde moja ya kutazama.

Majina yanayodanganya

Turudi kwa ile GTX 1050 Ti ya mwanzo, "giga ine, ilitoka Dubai". Jina hilo limeghushiwa sana duniani. Wadanganyifu walichukua karte za zamani, kama GTS 450 na GTX 550 Ti za miaka ya 2010 na 2011, wakaandika upya programu ndogo iliyo ndani yake, wakabadilisha feni na kibandiko. Ukiiweka kwenye kompyuta, Windows inasoma "GTX 1050 Ti". Mchezo ukifunguliwa, unasimama, ekrani inakuwa nyeusi, ao mwendo ni wa kobe.

Dalili ya kwanza iko nyuma ya karte. Kizazi cha GTX 10 kiliacha kutoa picha za VGA, lile tundu la buluu lenye mashimo 15. Karte inayojiita GTX 1050 Ti na ina tundu la buluu inastahili shaka kubwa. Dalili ya pili inatolewa na programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Inaingia kwenye kijiti cha USB, haihitaji intaneti. Tangu 2018 GPU-Z inatambua karte nyingi za Nvidia zilizoghushiwa na kuandika neno la onyo mbele ya jina. Lakini usitazame jina pekee. Tazama chipu: GTX 1050 Ti ya kweli inaonyesha GP107, na vitengo 768 vya hesabu. GTX 1650 inaonyesha TU117 na vitengo 896 ikiwa ni ile ya kwanza.

Upande wa AMD kuna udanganyifu wa kisheria, kama inaweza kuitwa hivyo. RX 580 ya kawaida ina vitengo 2304. Kuna nyingine iliyotengenezewa soko la China, RX 580 2048SP, yenye vitengo 2048. Kwa ndani ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Siyo karte mbaya. Ila haifai kulipwa beyi ya 580.

Na kuna ile inayoshangaza wengi: karte safi, feni mbili, beyi ya chini sana, lakini nyuma hakuna hata tundu moja la ekrani. Jina lake ni P106-100. Ni ndugu wa GTX 1060, iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchimba pesa za kidijitali, na haikuhitaji ekrani. Kuna werevu wanaoitumia kwa njia ya kuzunguka, kwa kupitisha picha kwenye tundu la karte nyingine ao la prosesa. Mtu anayenunua kompyuta yake ya kwanza asijiingize humo.

Hapo linakuja swali ambalo vijana wanauliza kila mara: karte iliyochimba ni mbaya? Kwa miaka kadhaa, hasa 2020 hadi 2022, watu ulimwenguni walikusanya karte grafike kwa mamia ili kuchimba ethereum, na beyi ikapanda kila mahali. Tarehe 15 Septemba 2022 ethereum ilibadilisha namna yake ya kufanya kazi, na karte hazikuhitajika tena. Zikamwagwa sokoni. Nyingi ya zile zinazozunguka Dubai, Kampala na Nairobi zimepita mle, na muuzaji hawezi kukuambia, hata kama ana nia njema.

Karte iliyochimba si lazima iwe imekufa. Ilifanya kazi usiku na mchana, lakini kwa joto lisilobadilika sana, na hilo linachosha chipu kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Vinavyochoka ni feni, pati ya kupoza, na vile vipande laini vinavyokaa juu ya memori. Vyote vitatu vinaweza kubadilishwa. Kinachotakiwa ni beyi ikubali ukweli huo. Kwa RX 580 ongeza uangalifu, kwa sababu wachimbaji walibadilisha programu ya ndani ili memori ikimbie zaidi, na karte kama hiyo inaweza kuanguka katikati ya mchezo mpaka programu ya kiwandani irudishwe.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wamesikia pia kwamba Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji huko Luviro. Hiyo ni habari nyingine. Bitcoin inachimbwa na mashine za pekee ambazo haziwezi kuchora hata mpira mmoja. Mtu akikuletea "karte kutoka Luviro", anauzisha hadithi.

Ya kuogopa zaidi ni karte iliyopikwa. Karte ikifa kwa sababu viunganishi vya bati chini ya chipu vimepasuka, kuna wanaoipasha moto mkali ili bati lishike tena. Inafufuka kwa siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, muda unaotosha kuiuzisha. Geuza karte, angalia kuzunguka chipu: kama ubao umekuwa wa kahawia, ao kuna mabaki yenye kunata kama utomvu, iache.

Kujaribu kunahitaji dakika 20 tu. Tembea na kijiti cha USB chenye GPU-Z na programu ya kuichosha karte kama FurMark. Iache FurMark itembee dakika 10. Ekrani isitoe vijiwe vya rangi wala mistari. Joto lipande kisha litulie. Likipita digrii 90 na bado linapanda, feni ao pati imechoka. Muuzaji asiye na umeme anaweza kukusindikiza kwa jirani mwenye jenereta. Akikataa hata hivyo, hilo nalo ni jibu.

Umeme wa nyumbani

Karte ya kweli, iliyojaribiwa, yenye waya wake, inaweza bado kufa wiki ya pili. Wakaaji wa Bukavu wanaotegemea umeme wa Ruzizi, na wale wa Goma wenye laini mbalimbali, wanajua sauti ya friji inapohangaika jioni, wakati watu wote wanapika. Volti inashuka. Kisha umeme unakatika, na unaporudi, unarudi kwa nguvu.

Kwa kompyuta, kushuka si kubaya kuliko kurudi. Alimentasyo nyingi nzuri zina maandishi "100-240V", maana yake zinaweza kuishi hata volti ikianguka chini sana. Zile zilizoandikwa "200-240V" zitazimika mapema. Lakini hakuna inayopenda pigo la umeme unaorudi. Desturi isiyo na gharama yoyote ni hii: kuran ikikatika, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache, tazama balbu imetulia, ndipo uchomeke.

Onduleri ya VA 650, ile ndogo inayouzishwa kila mahali, inatoa takriban wati 360 hadi 390, kwa dakika chache. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima. Haikupi nusu ya pili ya mechi. Regilateri inasaidia kwa volti inayopanda na kushuka, mradi iwe na nguvu inayozidi ile ya kompyuta na ekrani pamoja.

Wenye panneau za jua wafanye hesabu kabla ya kuagiza. Inite ya ofisi yenye GTX 1650, ikiwa inacheza, pamoja na ekrani, inakula karibu wati 200. Batri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa inabeba wati 1200 kwa saa, lakini ile ya risasi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Kwenye karatasi ni saa tatu. Ukiondoa kinachopotea kwenye invateri, ni saa mbili na nusu. Weka RTX 3060 mahali pa GTX 1650, matumizi yanakaribia wati 300, na hata saa mbili hazifiki. Halafu mama anauliza nani amemaliza moto wa kuwasha taa. Karte ndogo haina aibu katika nyumba yenye batri moja.

Goma ina shida yake ya pekee: mawe. Waya wa ardhi, ule unaoitwa teri, unatakiwa kuingia kwenye udongo wenye unyevu, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano. Ukigusa sanduku la kompyuta ukasikia linauma vidole, teri haiko, ao haifanyi kazi. Vumbi jeusi nalo linaingia kwenye feni na kukwaruza. Katika kartie zenye vumbi, kufungua inite kila mwezi na kupuliza si anasa. Shika feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo.

Beyi na njia

Hakuna beyi moja kutoka Bunia hadi Uvira. Mizigo ya Butembo na Beni inapita mara nyingi Mombasa, Kampala, Kasindi. Ya Uvira inatoka Dar es Salaam na Bujumbura. Goma na Bukavu, ambazo viwanja vyao vya ndege vilisimama tangu mwanzo wa 2025, zinategemea barabara, mipaka na ziwa. Kila kituo kinaongeza kitu.

Njia mojawapo ya kujikinga ni kujua beyi ya kuzaliwa. GTX 1050 Ti ilitoka na beyi ya dola 139. GTX 1650 ilitoka kwa 149, RTX 3050 ya giga 6 kwa 169, RTX 3060 kwa 329. Hizo zilikuwa karte mpya, huko Marekani, siku ya kwanza. Karte ya okazio yenye miaka saba isiombewe beyi inayopita ile ya siku ya kuzaliwa kwake, hata ukiweka usafiri juu. Inatokea, na watu wanalipa. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba tantale na bati vinavyoingia ndani ya vyombo kama hivi vinachimbwa pia hapa, Rubaya na Walikale, na vinapita barabara zile zile vikienda upande mwingine.

Wengi wanaagiza kwa komisioneri kwenye WhatsApp: picha nzuri, "tuma nusu kwanza", kisha ukimya. Na mabenki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango mwanzoni mwa 2025, malipo yalihamia mkononi na kwenye simu, ambako pesa ikishaenda ni vigumu kuirudisha. Kama hakuna mtu unayemjua Kampala ao Dubai wa kushika karte kwa mkono wake, ni afadhali kulipa zaidi kidogo kwa muuzaji mwenye mlango unaoujua. Ukiagiza, omba video, si picha: karte ikiwa ndani ya mashine, GPU-Z imefunguliwa, na karatasi pembeni yenye tarehe ya leo na jina lako. Dola zako nazo zikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani, maana noti yenye mpasuko mdogo itakurudishia safari.

Kwenye fakitire isiandikwe "karte grafike 1". Iandikwe jina kamili, giga, namba ya seri iliyo kwenye kibandiko cha karte, na siku za garanti, hata zikiwa saba. Piga picha ya namba hiyo mbele ya muuzaji. Bila hivyo, siku ya kurudisha atasema karte yake ilikuwa nyingine, na pengine wewe mwenyewe hutakuwa na uhakika.

Safari ya kurudi nyumbani inaua karte nyingine. Ikiwa umenunua inite na karte pamoja, mwambie fundi achomoe karte baada ya kujaribu. Inabebwa peke yake, ndani ya mfuko wake wa kijivu ao katoni, ikizungukwa na nguo, mikononi mwako na si kwenye porte-bagage ya motari. Karte nzito iliyobaki ndani ya sanduku, kwenye barabara ya mashimo, inaning'inia kwenye mfereji wake kama mlango kwenye bawaba moja, na mfereji huo ukivunjika, karte mere yote inakwenda.